Mjomba Aliyekataa Kupigwa

Asubuhi za mwezi wa sita hapa Singida upepo unakuwa mkali hadi mtoto akitoka kuoga ngozi inampauka kabla hujamfuta maji. Mwanangu wa mwisho huwa namweka katikati ya magoti yangu, nampaka mafuta ya mgando juu ya nyusi na kwenye mashavu, ndipo aende shule. Juzi dukani walikuwa wameishiwa yale tuliyoyazoea, nikachukua mengine yenye harufu ya mnanaa. Nilipofungua kopo nikabaki nimelishika tu.

"Mama, nitachelewa," mwanangu akasema.

Nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa Itigi, nyuma ya nyumba yetu, namwangalia Mjomba Ntandu amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, ameinua uso, amefumba macho, na kaka yake anampaka mafuta yenye harufu ileile kwa vidole vinavyotetemeka.

Wa rika langu mtakumbuka enzi za kuanika betri za redio juu ya bati ili zipate nguvu ya taarifa ya habari. Sisi bati letu lilikuwa karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita, vikombe viligongana kabatini na betri zilidondoka. Mama yangu alikuwa mtu wa Mungaa. Bibi alipofariki, Mama alihamia Itigi na kaka zake wawili, akawa anauza asali stesheni, amepanga chupa kwenye beseni kichwani, anapita chini ya madirisha ya mabehewa akiita wateja. Kaka mkubwa tulimwita Mjomba Mkubwa. Mdogo ndiye Ntandu.

Mjomba Ntandu alikuwa bondia wa uzito wa juu, na hapo ndipo watu walipoanzia kucheka. Bondia wa uzito wa juu kila mtu anajua anavyotakiwa kuwa: mrefu, mikono kama mipini ya majembe, akiingia mlangoni anainama. Mjomba hakuwa na haja ya kuinama kwenye mlango wowote. Alikuwa mfupi, mpana, mzito kama gunia la karanga lililoshindiliwa. Alijaribu kushusha mwili apigane na watu wa kimo chake, akashinda njaa, akakimbia kandokando ya reli akiwa amevaa koti la mvua juani, mwili ukakataa. Basi akabaki na majitu. Kila aliyepangiwa naye alimzidi kichwa na shingo. Vijana wa stesheni walimwita Kinu.

Mazoezi yake niliyaona ni mchezo. Mama alikuwa na kamba ndefu ya kuanikia nguo, kutoka pembe ya nyumba hadi kwenye nguzo ya choo. Mjomba aliishusha hadi usawa wa mabega yake, akaanza kutembea chini yake, kichwa kinapita huku, kinatokea kule, huku, kule, magoti yanakunjuka na kukunjika, mikono imefunika mashavu. Siku ambazo Mama alikuwa amefua, alipita katikati ya khanga na mashuka bila kugusa hata upindo.

"Ntandu, ukinidondoshea hiyo shuka utaifua wewe," Mama alisema.

"Ikidondoka, dada, ujue nimepigwa."

Haikudondoka. Mjomba Mkubwa alikaa kwenye kigoda pembeni akitazama, na mara nyingine alitingisha kichwa kukubali kitu ambacho mimi sikukiona.

Mjomba Mkubwa sikumwelewa kabisa. Alikuwa mrefu, na hata akiwa amekaa ulijua kwamba zamani watu walimgeukia akipita. Lakini maneno yalimtoka polepole, yamegandana, kama asali ya mwezi wa sita. Mkono wa kulia ulitetemeka hata jua likiwa kali. Mimi nina jina la bibi, Mariamu. Yeye aliniita kwa jina la Mama, siku nyingine kwa jina la shangazi mmoja aliyekufa zamani, na mara moja aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Niliamini ananitania, na kwa kuwa nilimpenda, nilimjibu kwa utani kila alichoniuliza. "Mimi ni mtoto wa mkuu wa stesheni," nilimwambia. Naye akaitikia kwa adabu kabisa: "Haya, msalimie baba."

Mjomba Ntandu naye alikuwa na lake. Siku za kawaida aliniita "mama", kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Lakini alipotoka kwenye pambano, Tabora au Dodoma au Manyoni, alisimama mlangoni kabla hata hajatua begi, ananitazama, anasema kwa sauti: "Wewe ni Mariamu. Mariamu wa Mungaa." Hapo ndipo Mama alipomwambia aingie ale. Nilidhani ndiyo salamu ya mabondia.

Pambano lake nililoliona kwa macho yangu lilifanyika Itigi penyewe, Idi pili, mchana, ndani ya ghala lililokuwa tupu karibu na stesheni. Ulingo ulikuwa wa mbao na maturubai, kamba zimefungwa kwenye mapipa yaliyojazwa mchanga. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa, mzee mmoja anakigonga kwa nyundo. Mama hakuja. Alisema ana kazi jikoni. Nilikwenda na Mjomba Mkubwa, maana yeye ndiye aliyempaka mdogo wake mafuta ili ngumi ziteleze, na ndiye aliyesimama kwenye kona yake, nami nikawekwa juu ya magunia nyuma yao pamoja na jirani yetu Mama Rehema.

Mpinzani alitoka Tabora na watu walimwita Behewa. Alipopanda, mbao zililia. Ghala zima likapiga kelele za furaha, watu wa Itigi wenyewe, kwa sababu hatimaye walikuwa wanamwona bondia wa uzito wa juu anayefanana na uzito wa juu. Mjomba alipopanda kutoka upande wetu, mtu akauliza kwa sauti, "Huyo mwingine yuko wapi?" na watu wakaangua kicheko. Mama Rehema akaniziba sikio moja, kama kwamba jingine halisikii.

Reli ikagongwa. Behewa alirusha konde la kwanza kwa mkono wa kulia, kubwa, lenye mzunguko, na mimi nikafumba macho. Nilipofumbua, Mjomba alikuwa amesimama upande mwingine, palepale mkono ulipokuwa umetokea, anamtazama kwa upole. Likaja la pili, akainama, likapita juu. Likaja jingine, akalipokea kwa bega, likateleza. Behewa akatupa mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki porini, na Mjomba akawa anainama, anainuka, anageuza kidevu nyuma ya bega, hatua fupifupi, hakimbii mbali, yuko pale pale mbele ya kifua cha yule mtu, unaweza kumgusa ukinyoosha mkono, ila mkono ukinyooshwa hayupo. Katikati ya hayo alidokoa. Ngumi fupi ya kushoto, kifuani, tumboni, halafu kichwa chini tena.

Watu hawakuyapenda hayo. Walikuja kuona mtu anaanguka. "Pigana!" walipiga kelele. "Unaokota nini huko chini?" Mwingine akasema, "Mleteeni mkeka aswali!"

Mimi niliona jambo lingine. Kwetu, mtoto akimwamkia mtu mzima, anakunja magoti na kuinamisha kichwa. Ukisema shikamoo umesimama wima kama mti, bakora ilikuwa karibu. Na Mjomba alikuwa mtu wa heshima kupita wote ninaowajua. Hata wauza maji waliomzidi mwaka mmoja aliwaamkia. Basi nikaelewa kwa akili yangu: Behewa ni mkubwa kwake, kwa hiyo anamwamkia. Anamwamkia kila mara, na yule mtu hana adabu, haitikii marahaba, anaitikia kwa ngumi. Machozi yakanijaa. Nilitamani mtu amwambie Mjomba kwamba inatosha, ameshaamkia, sasa apige.

Raundi ya mwisho Behewa alikuwa anahema kwa mdomo, mikono imemshuka hadi kiunoni, na Mjomba alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka kuchota maji kisimani. Reli ikagongwa. Majaji wakanong'onezana kwenye meza yao, na mwamuzi akainua mkono wa Behewa. Alikuwa amerusha ngumi nyingi, na ghala lilikuwa limeshangilia kila moja, hata zilizopiga hewa. Wakambeba mabegani wakatoka naye. Mjomba akavuliwa glovu na kaka yake, polepole, kwa sababu kamba za glovu zilimsumbua yule mwenye vidole vinavyotetemeka. Mjomba alimwachia afungue mwenyewe hadi akamaliza.

Jua lilikuwa linazama tulipofika nyumbani. Mama alikuwa mlangoni, mikono ina unga. Hakuuliza nani ameshinda. Alimshika Mjomba kidevu, akamgeuza huku na huku, akampapasa nyusi, taya, nyuma ya masikio, kama anavyochagua nyanya sokoni. Uso ulikuwa mzima. Kisha Mjomba akanitafuta kwa macho nyuma ya Mjomba Mkubwa, akasema, "Wewe ni Mariamu. Mariamu wa Mungaa."

"Haya," Mama akasema. "Ingieni."

Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Mimi sikula. Nilikuwa na swali.

"Mjomba, kwa nini ulikuwa unamwamkia yule mtu?"

"Nani?"

"Behewa. Ulikuwa unamwamkia, naye anakupiga."

Mjomba Ntandu akanitazama, tonge liko njiani. Akauliza nilichosema, nikarudia, nikainuka na kumwonyesha: nikakunja magoti, nikainamisha kichwa, nikainuka, nikainama tena. Alicheka hadi akaweka tonge chini. Alicheka akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Shikamoo Behewa!" alisema, akaangua tena. Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama Mjomba Mkubwa, na mimi nikageuka kumtazama.

Mjomba Mkubwa alikuwa ameweka mkono wake wa kulia juu ya mkeka na kuushikilia kwa wa kushoto ili utulie. Akatafuta maneno kwa muda mrefu. Treni ya mizigo ilipita, vikombe vikagongana, tukangoja.

"Mimi," akasema, "sikujua kuinama."

Mama ndiye aliyenieleza, palepale, mbele yao wote wawili, kwa sauti ya kawaida kama anayesimulia habari za shamba. Mjomba Mkubwa alikuwa bondia kabla ya mdogo wake. Watu walimpenda kwa sababu alisimama wima, hakurudi nyuma, alipokea ngumi tatu ili apige moja, na hiyo moja ilikuwa inaangusha watu. Walimbeba mabegani. Wakambeba hadi siku aliyorudi Mungaa, akamkuta mama yake anapepeta mtama uani, akamuuliza, "Mama, wewe ni nani?"

Bibi hakumlilia mbele yake. Lakini Ntandu aliposema naye anakwenda kupigana, alimwita ndani akamwambia kwa Kinyaturu, lugha ya kwao Mungaa, maneno ambayo Mama aliyatafsiri hivi: kupigana nenda, lakini siku utakayorudi hujui jina langu, usinirudie, rudi hukohuko kwa waliokupiga.

"Na bibi yako ameshakufa," Mama akamalizia. "Sasa jina liko kwako."

Nilikuwa mdogo, lakini si mdogo kiasi cha kutoelewa hilo. Nilisogea nikakaa karibu na Mjomba Mkubwa. Akanishika kichwa. Aliniita kwa jina la Mama, nami nikaitika abee.

Kesho yake asubuhi Mjomba Ntandu alinivalisha soksi zake mikononi, akazijaza matambara, akanipeleka chini ya kamba ya nguo. "Haya, mama. Nipige."

Akapiga magoti ili tulingane. Nilirusha mikono hadi mabega yakaniuma. Uso wake ulikuwa pale, mkubwa, unatabasamu, sikuupata. Niliruka, nilijifanya nimechoka kisha nikashtukiza, sikuupata. Mwisho nililia kwa hasira, ndipo akaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Unatazama kichwa. Kichwa ni cha mwisho. Kabla kichwa hakijaondoka, goti limeshaondoka. Na kabla goti halijaondoka, nimeshaliona bega lako linafikiria." Nikamtazama goti. Kweli, lilikuwa linatangulia, kidogo tu, kama mtu anayetaka kusimama halafu anaghairi. Nikaanza kuona. Siku zote nilikuwa nimetazama ngumi, kama ghala zima lilivyotazama ngumi, na kazi yenyewe ilikuwa inafanyika kwingine.

Mjini walimcheka bado. Walisema anakimbia, ingawa hakukimbia. Alipigana tena Manyoni na Dodoma, akashinda machache na kupoteza mengi kwa pointi, na mara zote alirudi akasimama mlangoni na kunitaja jina. Jambo la kushangaza lilitokea mwaka uliofuata, msimu wa mavuno ya alizeti. Treni ya Tabora ilisimama, na baada ya muda tukasikia hodi. Nilikwenda kufungua, nikaona kifua. Kichwa kilikuwa juu ya fremu ya mlango.

Behewa aliingia akiwa amejikunja. Alikuwa na uvimbe chini ya jicho uliokuwa umegeuka manjano, na kandambili zilizokuwa ndogo kwake. Mama alikaza uso, lakini mgeni ni mgeni; akamwekea kigoda na maji ya kunawa.

"Ntandu yupo?"

"Yupo reli, anapakia magunia. Una shida gani naye?"

Yule mtu mkubwa akatazama chini. "Dada, nimepigwa vibaya Dodoma. Kichwa kinaniuma wiki ya pili sasa, nikiinuka nyumba inazunguka. Nina watoto. Nimekuja anifundishe alichonifanyia hapa."

"Hapa si ulishinda?" Mama akasema.

"Mkono wangu uliinuliwa, dada. Yeye mwenyewe sikumpata. Nilimtafuta mchana mzima. Nilirudi Tabora mabega yananiuma kwa kupiga hewa, usiku nikawa namwota yule mtu. Sijawahi kukutana na bondia kama yule, na sikumwambia mtu yeyote, maana wangenicheka."

Mama akaniambia nikamwite Mjomba, akapakua ugali mwingine.

Behewa alikaa kwetu hadi alizeti zikaisha kupuruchuliwa. Mjomba alimkataza kwanza kurusha hata ngumi moja mpaka kichwa kiache kuuma. Akawa anachota maji na kupasua kuni, na Mama akamzoea. Kichwa kilipopona, kamba ya nguo ikapandishwa hadi usawa wa mabega yake, na yule mtu mrefu akaanza kupita chini yake, huku, kule, akadondosha mashuka, akayafua. Vijana wa stesheni walikuja kuchungulia juu ya ua. Walikuwa wamembeba mabegani yule, na sasa yule anamwita Kinu mwalimu. Wengine walianza kuingia uani na kuomba kujaribu. Wengine waliendelea kucheka vilevile, maana kuna watu hata uwaonyeshe nini. Mjomba Mkubwa alikaa kwenye kigoda chake na kusema "goti" kila Behewa alipokosea, naye mwenyewe hakukosea kuliona hata mara moja.

Mjomba Mkubwa tulimzika Mungaa, karibu na bibi, nikiwa nimemaliza darasa la saba. Behewa alishika jeneza mbele. Baada ya hapo Mjomba Ntandu hakupanda ulingoni tena, na hakuna gazeti lililoandika kwamba ameacha. Alinunua mizinga akaitundika kwenye vichaka vya Itigi, akaoa, akapata watoto, akazeeka taratibu.

Mwaka jana alianza kulalamika kwamba jicho la kushoto limeingia ukungu. Nikamwita aje Singida, nikampeleka kliniki ya macho. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwamkia, akamkalisha, akammulika kwa kurunzi yake ndogo, akaangalia jicho moja, akaangalia jingine, akarudi kwa la kwanza.

"Ni mtoto wa jicho, mzee wangu. Tutamwondoa. Ila wakati mwingine huyu anatokana na kuumia. Umewahi kupigwa jichoni?"

"Nilikuwa bondia kwa miaka mingi," Mjomba akasema.

"Ahaa. Uzito gani?"

"Wa juu."

Daktari akainua macho. Akamtazama yule mzee mfupi aliyekaa mbele yake, miguu haijafika vizuri sakafuni. Akasogeza kurunzi tena, safari hii si kwa jicho. Alimulika nyusi, zilikuwa nzima. Alimulika pua, ilikuwa imenyooka kama alivyozaliwa nayo. Akamuuliza anaitwa nani, ana watoto wangapi, leo siku gani, nani amemleta, na Mjomba akajibu yote bila kusita, akaongeza na jina la mtaa tulioshukia.

"Bondia wa uzito wa juu, miaka yote hiyo," daktari akasema, kama anayejisemea. "Mzee, mbona huna alama hata moja?"

Mjomba akatabasamu.

"Ndiyo kazi yenyewe niliyokuwa naifanya, mwanangu."